Nilivyomsingizia Padre Nikakiua Kisima cha Shangazi

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kunitetea. Jina langu silitaji, wala kijiji sikitaji. Ukiufahamu upande wa Usagara ya Mwanza, ukashuka na njia za ng'ombe kuelekea ziwani, basi umewahi kupita karibu na nyumba yangu, na hiyo inatosha. Kosa ni langu. Si la shetani, si la mizimu, wala si la mkoloni, ingawa tangu tupate Uhuru mkoloni nimeshamtwisha makosa yangu mengi.

Kosa lenyewe ni hili. Niliwaambia watu kwamba padre ameagiza tukate miti ya kisima. Padre hakuagiza! Nilimsingizia kanisani, mbele ya altare, nikiwa nimevaa viatu vipya!

Ngoja nikueleze taratibu, maana hata mimi nikijisikiliza naona kama nasimulia habari za mwendawazimu fulani.

Miaka ile ya mwisho ya mkoloni nilikuwa katekista wa kigango chetu. Padre, Mzungu mmoja mrefu mwenye pikipiki, alitutembelea mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mimi. Mimi nafundisha, mimi nasalisha, mimi nagonga kengele, ambayo kusema kweli ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye tawi. Nilikuwa na baiskeli. Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Na nilikuwa na viatu vyeusi nilivyonunua mjini Mwanza, ambavyo vililia kwio-kwio nilipotembea, nami nikawa natembea polepole ili vilie vizuri.

Wakati ule Misa ilikuwa kwa Kilatini, mahubiri ya padre kwa Kiswahili, na wazee wetu walijua Kisukuma tu. Sasa nani alisimama katikati? Mimi! Padre akisema maneno kumi, mimi nasema ishirini. Akikohoa, natafsiri. Vijana waliojua Kiswahili walikuwa wanafunzi wangu wenyewe, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha mwalimu.

Aliyenilea ni shangazi yangu, dada wa baba. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Ujana wake Shangazi alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu kule Kirumba, mjini, na hata alipozeeka aliweza kunusa kikapu akakuambia samaki wamelala humo siku ngapi. Yeye ndiye aliyenipeleka misheni kusoma, ingawa yeye mwenyewe hakubatizwa. Kila Jumapili alikuja kanisani, akaketi mkeka wa nyuma kabisa, akasikiliza mahubiri yangu au tafsiri yangu ametulia, halafu akaenda zake kupika.

Na yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kisima.

Kisima chetu kilikuwa chini ya kilima, kati ya mawe makubwa, kimezungukwa na mikuyu minene ambayo watu watatu walihitajika kuukumbatia mmoja. Ukiingia pale mchana wa jua kali unahisi ubaridi shingoni. Kulikuwa na masharti, aliyoyapokea Shangazi kutoka kwa mama yake. Huingii na viatu. Huchovyi chungu chenye masizi, unachota kwa kata safi. Hukati tawi, hata lililoanguka unaliacha lioze. Maji ya kata ya kwanza unayamwaga kwenye shina la mkuyu, ndipo unachota yako. Na kila mwaka kabla ya mvua, Shangazi aliwaongoza wanawake wakakizoa matope na majani kisima chote, wakiimba, na wanaume tulikatazwa kusogea.

Mimi niliyaita yote hayo ushirikina. Jina zuri sana hilo, unalipiga muhuri juu ya jambo usilolielewa, kazi imekwisha!

Nilihubiri juu ya kisima kile mpaka sauti ikakauka. Nilisema Mungu alimpa mwanadamu utawala juu ya vyote, miti ikiwemo. Nilisema mti ni kuni ambazo bado zimesimama. Nilisema, huku nikimtazama Shangazi kule nyuma, kwamba Mungu hakai mtini.

Siku hiyo nyumbani aliniambia, "Kwani mimi nilisema anakaa mtini? Nilisema maji ndiyo yanakaa pale."

"Hayo ni mambo ya kizamani, Shangazi."

"Sawa, Bwana Viatu. Kunywa maji yako ya kizamani, umetoka juani."

Nikanywa. Yalikuwa matamu, baridi, na niliomba mengine!

Nilimsihi sana abatizwe. Ilinitia aibu kwamba katekista mzima nimelelewa na mama ambaye hajabatizwa. Mwisho alikubali. "Nitabatizwa," alisema, "lakini kwa maji ya kisima changu. Nimekitunza miaka yote hii, na chenyewe kinitunze siku hiyo." Nikaona amelainika, nimeshinda. Nilimwahidi.

Sasa sikiliza upumbavu.

Kigango cha jirani walijenga kanisa la matofali ya kuchoma. Jekundu, limesimama wima, linaonekana toka mbali. Katekista wao alikuwa mtu ambaye nilisoma naye, na darasani alikuwa nyuma yangu. Mwenzangu, sikulala vizuri! Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, mbuzi wakiegemea ukuta unamomonyoka.

Padre alipokuja nikamwambia tunataka matofali. Alicheka. Akanishika bega akanionyesha kwa kidole vilima vyetu. Wewe unaifahamu nchi ya Mwanza. Mawe juu ya mawe, mawe yamebebana, mengine yamekaa kama yatadondoka kesho! Siku ile katika mahubiri akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Mungu amewajalia mawe hapa hapa. Jengeni nyumba yake kwa mawe, na msiharibu kitu."

Akanigeukia nitafsiri.

Sijui nilipatwa na nini. Hapana, najua! Nililiona lile kanisa jekundu la mwenzangu. Nikafungua mdomo nikasema kwa Kisukuma: "Padre anasema Mungu amewajalia miti. Tujenge kwa matofali ya kuchoma, na kuni zitoke kisimani, ili tuonyeshe kwamba hatuabudu miti."

Vijana wawili watatu wakakohoa. Wazee wakatazamana. Padre akaitikia kwa kichwa, akidhani tunaongea habari za mawe.

Jioni nilimkuta Shangazi anamenya karanga nje ya jiko. Hakuinua macho.

"Padre amesema kweli tukate?"

"Amesema."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, Shangazi."

"Nawe ulimsikia vizuri?"

"Mimi si ndiye mkalimani!" nilisema, tena kwa ukali kidogo.

Alimenya karanga mbili, tatu. "Haya," akasema.

Wazee walisitasita wiki nzima. Basi nikaongeza chumvi. Siku zile kila mahali ni Uhuru, Uhuru. Watu walishachoshwa na amri za wakoloni, lima matuta, punguza ng'ombe, panda hiki, usikate kile. Nikasimama mbele yao nikapaaza sauti: "Mwafrika huru haogopi mti!" Loo, walipiga makofi! Nilichanganya dini na siasa katika chungu kimoja, nikakoroga, nikawapakulia.

Siku ya kukata, Shangazi alitangulia asubuhi kabla yetu. Tulimkuta pale miguu mitupu. Alichota kata ya kwanza, akaimwaga kwenye shina la mkuyu kama siku zote. Akajaza mtungi wake, akajitwisha, akapita katikati yetu na mashoka yetu. Mimi niliingia pale na viatu. Niliona fahari kuingia navyo! Shoka la kwanza lilikuwa langu, na halikuingia vizuri, likanirudia nusura linikate mguu. Watu walisubiri waone kama nitaanguka nife. Sikufa, wakashangilia, wakaanza kukata.

Mikuyu yote ilianguka kwa siku nne. Na kile kichaka cha juu yake, mpaka mgongo wa kilima, tukakimaliza.

Tukafyatua matofali, tukapanga tanuru, tukawasha moto. Hapa nikuambie jambo la kuchekesha. Mimi fundi mkuu, tanuru nilikuwa nimeliona mara moja tu maishani, Misungwi, nikiwa juu ya baiskeli, na sikushuka! Kuni zenyewe zilikuwa mbichi, na mkuyu si mti wa moto. Tanuru lilitoa moshi siku tano, kijiji kizima tukawa tunalia machozi kama wafiwa. Tulipolifungua, matofali ya katikati yalikuwa yamepasuka, na ya nje yalikuwa udongo ule ule, umebadilika rangi tu. Ukibonyeza tofali kwa kidole, kidole kinaingia.

Miti ya mama zetu wote, imekwisha kwa moshi!

Padre alirudi mwezi uliofuata. Alisimama kisimani, akavua kofia, akakaa juu ya kisiki. Uso wake ulikuwa mwekundu. Mzee mmoja akamwendea akamwambia kwa Kisukuma, "Tumeitii amri yako, padre, ingawa ilituuma." Padre akanigeukia, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anakukaribisha sana, padre."

Padre akasema, "Waulize ni nani aliyefanya ubaya huu. Huu ni wizi. Wamewaibia watoto wao."

Nikawageukia wazee. "Padre anawashukuru kwa moyo wenu wa imani."

Jasho lilinitoka mpaka viatuni. Shangazi alikuwa amesimama pale pale na mtungi wake, ananitazama. Nilidhani anatazama mdomo wangu tu, kama mtu asiyeelewa kitu. Padre nilikuja kumweleza baadaye kwamba ni wapagani fulani waliofanya hivyo. Ndiyo, nilisema hata hilo!

Maji hayakukauka siku ile. Yangekauka siku ile pengine ningeshtuka. Yalipungua taratibu. Kwanza ulichota ukiinama zaidi. Halafu ukawa unangoja yajikusanye. Wanawake wakakaa foleni na ndoo, wakigombana, mambo ambayo hatukuyazoea. Mwaka ule wa Uhuru kiangazi kilikuwa kirefu, na kisima kikabaki tope lenye nyayo za ng'ombe.

Kisha bendera ikapandishwa na mvua zikashuka. Nani asiyezikumbuka mvua zile! Ziwa lilipanda mpaka likaingia mashambani. Nasi tulifurahi, tukasema kisima kitafufuka. Lakini mgongo wa kilima ulikuwa uchi. Mchanga na udongo vilishuka usiku na mchana, na mvua ilipokatika tulikwenda kutafuta kisima hatukukiona. Palikuwa tambarare. Ungeweza kucheza mpira pale.

Ndipo wanawake wakaanza kwenda ziwani. Kwenda ni saa nzima, kurudi na mzigo kichwani ni zaidi. Kule kuna mamba, kuna kichocho, na maji yenyewe yana harufu ya furu, vile visamaki vya ziwani. Shangazi naye alikwenda, na magoti yake yale. Sikuweza kuvumilia kumwona. Nikafunga debe mbili kwenye baiskeli, nikawa namchotea kila asubuhi. Katekista mwenye kalamu mbili, shati limelowa, debe zinagongana nyuma, na viatu navisukumia matopeni! Watoto wakanipa jina la Padre Debe. Mpaka leo naitwa hivyo.

Shangazi hakuwahi kunilaumu. Alipokea maji akasema, "Asante, Bwana Viatu," akayafunika. Afadhali angenichapa.

Kanisa tulijenga. Unajua kwa kitu gani? Kwa mawe! Mawe yale yale ya padre, yaliyokuwa yakitungoja tangu dunia iumbwe. Ni kanisa imara, zuri, na kila nikiliona najisikia mjinga.

Juzi juzi, kabla ya mavuno, Shangazi aliugua kifua. Padre alikuwa safarini mbali. Shangazi aliniita karibu akaniambia, "Niko tayari sasa. Nibatize." Katekista anaruhusiwa, mtu akiwa hatarini. Nikatoka nje nikiwa na bakuli mkononi, nikasimama uani kama mtu aliyepotea njia. Ahadi niliyompa naikumbuka. Maji ya kisima chake! Ningeyatoa wapi? Nilikwenda hata kule kwenye mchanga nikachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Nilipata unyevu wa kulowesha kidole tu.

Nikarudi nikachota kwenye debe.

Akaniuliza kwa Kisukuma, kama tulivyozungumza maisha yetu yote, "Maji ya wapi hayo?"

Nikasema, "Ya kisimani, Shangazi. Nimechimba nikapata kidogo."

Hata mbele ya mtu anayekata roho! Mdomo wangu huu!

Nilimbatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Maji yakamtiririka usoni mpaka midomoni. Akayalamba. Akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua yake ile ya Kirumba. Kisha akatabasamu, akasema, na hakusema kwa Kisukuma. Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili cha mjini, laini, kuliko changu mimi!

"Maji haya ni ya ziwani. Yananuka furu."

Nililiweka bakuli sakafuni.

"Na padre," akasema, "hakusema tukate. Alisema tujenge kwa mawe."

Miaka yote ile! Jumapili zote zile! Alikuwa akisikia padre anavyosema, halafu ananisikia mimi. Mtu ameuza samaki mjini ujana wake wote, angewauzia watu kwa Kisukuma? Na mimi, msomi wa familia, sikuwahi kujiuliza!

Nikapiga magoti. Nikamwuliza mbona hakusema siku ile, mbona aliacha kisima kikafa.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema. "Nilidhani ya tatu utasema ukweli. Ningesimamaje kanisani nikuumbue mwanangu? Nikasema atakuja mwenyewe, hata kesho asubuhi. Siku ya kukata nikaenda kisimani alfajiri nikakungoja." Akapumzika. "Ukaja na shoka."

Nililia kama mtoto mchanga. Yeye akanipapasa kichwa, akaniambia nivue viatu, nimemchafulia sakafu.

Alifariki siku ya tatu.

Padre aliporudi nilimweleza yote. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele, nikawaambia watu kwa Kisukuma maneno yake halisi ya mwaka ule, neno kwa neno, bila kuongeza. Hakuna aliyenipiga. Mzee mmoja alitoka nje, na mpaka leo hanisalimii, na ni haki yake. Padre hakunipa sala za kitubio. Alinipa jembe. Kila wiki nakwenda pale miguu mitupu, nazoa mchanga na wanawake, ambao sasa wananiruhusu kwa sababu wananihurumia. Tumepanda vijiti vya mkuyu, vingine vimeshika. Shimo tumelifikisha kiunoni. Maji bado.

Basi nawe unayesoma, hasa wewe uliyepewa kazi ya kusimama mbele za watu na kuwaambia Mungu amesema hiki, Mungu amesema kile, ukiwa na shoka nyuma ya mlango. Chunga sana mdomo wako. Angalia kule nyuma kabisa, kwenye mkeka wa mwisho. Kuna mama mmoja amekaa kimya, anazijua lugha zote mbili. Hajanyamaza kwa sababu haelewi. Anakungoja useme mwenyewe, na hatakungoja milele.